Nywele Huota kwa Zamu: Mwongozo wa Kuziondoa kwa Sindano ya Umeme

Kutoka Palma na Mocímboa da Praia hadi Ibo na Pemba, mwanamke wa pwani ya Cabo Delgado hakosi njia ya kuondoa nywele asizozitaka. Kuna wembe, kuna uzi, kuna kibano, na kuna halawa ya sukari na ndimu iliyopikwa mpaka ikavutika. Zote zinafanya kazi, na zote kazi yake haidumu. Baada ya siku au wiki chache nywele zimerudi, na kwa mwenye nywele za kujipinda mara nyingi zimerudi pamoja na vipele. Ndiyo maana sindano ya umeme, yaani elektrolisisi, inamvutia anayeisikia kwa mara ya kwanza: anaambiwa kwamba unywele ukiuawa shinani hauoti tena. Maneno hayo ni kweli. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) huitambua kuwa njia ya kuondoa nywele kwa kudumu, ilhali leza huruhusiwa kutangazwa kama njia ya kuzipunguza tu. Hata hivyo, anayeianza bila kuelewa mwili wake huenda akaiacha katikati akiamini kwamba ameliwa pesa. Mwongozo huu una hoja moja: sindano ni nusu ya tiba, na nusu ya pili ni kalenda. Ukijua zamu za unywele utajua lini uende, urudi lini, utarajie nini, na utambue vipi kama unahudumiwa kwa haki.

Kwanza, uelewe unywele

Kila unywele umekaa ndani ya kinyweleo, kijishimo chembamba kinachoshuka kwenye ngozi. Chini kabisa, unywele unapokuwa unakua, pana kitunguu kinachokumbatia kinundu kidogo chenye mishipa ya damu, na humo ndimo chakula cha unywele kinamopitia. Juu yake, karibu na kijimsuli kile kinachosimamisha malaika tunaposhikwa na baridi, zipo seli shina ambazo kazi yake ni kujenga upya unywele uliotoka. Wembe hukata kilicho juu ya ngozi tu. Halawa na uzi hung'oa unywele mzima, lakini huacha kinundu na seli shina mahali pake, nazo hujenga mwingine. Kinachodumu ni kile kinachoharibu sehemu hizo mbili kwa pamoja.

Unywele hauoti mfululizo. Una vipindi vitatu, ambavyo wataalamu huviita anajeni, katajeni na telojeni. Katika anajeni unakua: kitunguu ni kikubwa, laini na cheusi, kimezungukwa na ala yenye unyevu kama utando wa yai, na kimeshuka hadi kilindi chake. Katika katajeni, inayochukua wiki mbili au tatu, kitunguu hunyauka na kinyweleo hupanda juu. Katika telojeni kinyweleo kimelala: unywele umeshikwa na kijifundo kidogo, kigumu na cheupe, hauli chochote, unangoja kusukumwa nje na mwenzake mpya. Na kila kinyweleo kina zamu yake. Viwili vilivyo sentimita moja kutoka kimoja hadi kingine vinaweza kuwa kimoja kimelala na kingine kiko kazini. Unachokiona kwenye kioo leo ni sehemu tu ya nywele ulizo nazo.

Urefu wa zamu hutofautiana kwa sehemu ya mwili. Makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu ni haya:

- Kichwa: takriban nywele 85 katika kila 100 ziko katika kukua, na kukua huchukua miaka 2 hadi 6.
- Mdomo wa juu: takriban 65 katika 100, kukua wiki 16, kulala wiki 6.
- Kidevu: takriban 70 katika 100, kukua kama mwaka mmoja, kulala wiki 10.
- Kwapa: takriban 30 katika 100; kukua miezi 4, kulala miezi 3.
- Miguu: takriban 20 katika 100, kukua miezi 4, kulala karibu miezi 6.

Isome tena orodha hiyo ukiwa na swali la pesa akilini. Inasema kwamba kazi ya kidevu huonyesha matunda mapema, na kazi ya miguu ni ndefu, kwa kuwa kila ukienda, nywele nne katika kila tano hazipo kazini.

Sindano inafanya nini

Sindano ya kazi hii ni uzi wa chuma mwembamba unaoteremshwa ndani ya kinyweleo, sambamba na unywele. Ikiingizwa sawasawa haitoboi ngozi, kwa sababu inapita njia ambayo tayari ipo. Kisha mkondo mdogo wa umeme hupitishwa, na hapo kuna njia tatu. Ya kwanza ni ya mkondo mnyoofu: umeme hugeuza maji na chumvi zilizomo ndani ya kinyweleo kuwa soda kostiki, ile ile ya watengeneza sabuni, nayo huyeyusha kitunguu taratibu. Ya pili, iliyoanzishwa na daktari Henri Bordier wa Lyon, Ufaransa, katika miaka ya 1920, hutumia mkondo geu wa masafa ya juu ambao huleta joto, na huchukua sekunde chache au chini ya hapo. Ya tatu ni mseto wa hizo mbili, ambao Arthur Hinkel na Henri St. Pierre waliupatia hataza Marekani mwaka 1948. Soda ikipashwa joto hufanya kazi upesi zaidi.

Sasa uunganishe na zamu. Soda kostiki huhitaji unyevu na chumvi, na kinyweleo kinachokua ndicho chenye unyevu. Sindano hufuata unywele mpaka chini, na unywele unaokua ndio unaoifikisha kwenye kinundu. Kwenye unywele uliolala, kinyweleo ni kikavu na kifupi, na mkono uliozoea kina cha anajeni unaweza kupitiliza. Na kinyweleo kilicholala ambacho unywele wake umeshadondoka hakionekani kabisa, hivyo hakuna awezaye kukitia sindano. Anayekwenda mwambani kutafuta pweza wakati wa maji mafu hurudi na kikapu kitupu hata awe na nguvu gani, kwa sababu mwamba bado umefunikwa. Kadhalika hapa: bamvua ya kinyweleo ni siku zake za kukua, na kazi yote hupangwa kuzifuata.

Hesabu ya kuituliza roho

Tuchukue vinyweleo 100 vya mdomo wa juu. Hii ni hesabu ya mfano, haiahidi kitu. Siku ya kwanza 65 vinakua na vyote vinatiwa sindano. Hata kwa mkono mzuri baadhi hurudi. Tuseme theluthi moja, yaani 22. Vilivyokuwa vimelala ni 35. Jumla iliyobaki hai ni 57. Kwa hiyo baada ya ziara ya kwanza, iliyofanywa vizuri, zaidi ya nusu ya nywele zitaonekana tena. Hapa ndipo mtu hukata tamaa, na hapa ndipo hapaswi. Raundi ya pili, sindano 37, hubakiza 32. Ya tatu, sindano 21, hubakiza 18. Ya nne, sindano 12, hubakiza 10. Nywele hazikuisha siku moja, lakini idadi inashuka kila raundi, na zinazorudi huwa nyembamba. Kwa kawaida uso huchukua miezi 12 hadi 18, wakati mwingine miaka miwili.

Pingamizi nne na majibu yake

*Kwa nini wasiongeze umeme, tumalize upesi?* Kwa sababu umeme mwingi hauuamshi unywele uliolala, na hauufikii usioonekana. Unachoongeza ni madhara kwa ngozi inayouzunguka. Kwa ngozi nyeusi jambo hili ni zito: kila jeraha dogo linaweza kuacha doa jeusi la miezi kadhaa, na kwa mwenye asili ya keloidi, kovu linaloendelea kukua. Anayekuahidi kumaliza kidevu kwa ziara mbili anashindana na zamu za unywele wako, na atakayelipa ni ngozi yako.

*Leza si rahisi zaidi?* Kwa maeneo makubwa ni ya haraka. Lakini leza hulenga rangi nyeusi ya unywele, na ngozi yetu nayo ina rangi hiyo. Mashine isiyofaa huunguza. Kwa ngozi nyeusi inayofaa zaidi ni ya Nd:YAG, yenye mawimbi ya nanomita 1064. Leza haioni mvi. Sindano haijali rangi ya ngozi wala ya unywele. Na leza nayo hutegemea unywele unaokua, hivyo ukiikimbia sindano hujaikimbia kalenda.

*Dini inasemaje?* Pwani hii hufuata madhehebu ya Shafii. Kwa kwapa na kinena, sunna ni kuondoa nywele zisipite siku 40, na wembe au kung'oa vinatosha. Hakuna anayelazimika kutafuta umeme. Kwa mwanamke aliyeota ndevu au sharubu, Imamu an-Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu hayo aliyefariki mwaka 1277, aliona kuziondoa ni jambo linalopendeza, ingawa wapo waliomkhalifu. Nyusi zina mjadala mkali zaidi. Mwulize unayemwamini kabla ya kuanza, kwa kuwa kinachofanywa hapa hakirudi nyuma.

*Je, nikikatiza?* Swali hili lina uzito wake katika mkoa huu, ambao tangu Oktoba 2017 watu wake wamekuwa wakihamishwa na vita, na ambako kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kilionyesha jinsi safari zinavyoweza kukatika ghafla. Jibu ni la faraja: kinyweleo kilichokufa kimekufa. Ukikaa miezi sita bila kwenda, vitakavyoota ni vile vilivyokuwa bado hai. Unapoteza muda, ila kilichokwisha kufanyika hakipotei.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta sababu kwanza. Mwanamke mwenye ndevu nene, hasa akiwa na hedhi isiyo na mpangilio na chunusi, aende kituo cha afya. Chanzo kinachoongoza ni hali ya ovari zenye vifuko vingi, ambayo ina tiba yake na inagusa pia uzazi na kisukari. Chanzo kingine ni mkorogo: krimu za kung'arisha zenye steroidi huotesha nywele palepale zinapopakwa. Sindano huua kinyweleo kilichopo, lakini haizuii homoni au krimu kugeuza laika la jirani kuwa udevu.

2. Acha kung'oa. Kwa angalau wiki 6 hadi 8 kabla ya kuanza, weka pembeni uzi, kibano na halawa. Ukiung'oa unywele umeondoa njia ya sindano na umevuruga zamu. Tumia mkasi au wembe tu.

3. Mchague mtaalamu kwa maswali. Kwa mtu wa Palma au Mocímboa huenda ikabidi kusafiri hadi Pemba au Maputo, au kuvuka Ruvuma kuelekea Mtwara na Dar es Salaam. Uliza kabla ya kutoa nauli: Sindano ni mpya kwa kila mtu, na inafunguliwa mbele yangu? Vibano vinasafishwa kwa otoklevu, yaani chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke? Umewahi kuhudumia ngozi nyeusi na nywele za kujipinda? Bei ni kwa saa au kwa ziara?

4. Jaribu sehemu ndogo. Anza na nywele chache chini ya taya, mahali pasipoonekana, kisha subiri wiki kadhaa uone kama doa au uvimbe utabaki. Mwenye keloidi mwilini aseme wazi na apate ushauri wa daktari wa ngozi kwanza.

5. Nyoa siku 3 hadi 5 kabla ya ziara. Hapa ndipo kalenda inapoingia mkononi mwako. Wembe hukata nywele zote sawa. Lakini uliolala haukui. Unabaki pale ulipokatwa. Kitakachochomoza baada ya siku hizo, kiasi cha milimita moja au zaidi kidogo, ni kile kilicho kazini. Umemchagulia mtaalamu nywele zinazofaa bila mashine yoyote.

6. Angalia unywele unavyotoka. Ukitibiwa sawasawa, unywele huteleza nje bila kuvutika. Omba kuona mzizi: kitunguu cheusi, kinene, na ala inayong'aa kama utando, hiyo ni anajeni. Kijifundo cheupe na kikavu ni cha unywele uliolala. Ukihisi kila unywele unavutwa kama wa kibano, sema palepale: huko ni kung'oa kwa bei ya umeme.

7. Tunza ngozi. Kwa siku mbili osha kwa maji safi, epuka jua kali, maji ya bahari na vipodozi. Msiro nao usubiri. Mti huu, unaosuguliwa kwenye jiwe pamoja na maji, ni mapambo mazuri ya uso, lakini jiwe na maji hubeba vijidudu, na vinyweleo vilivyotoka kuchomwa ni milango iliyo wazi. Vigaga vikitokea, usivibandue.

8. Andika. Katika daftari weka tarehe, sehemu iliyotibiwa, na dakika ulizokaa kitini.

Kalenda ya kurudi

- Mdomo wa juu: kila wiki 4 hadi 6.
- Kidevu: kila wiki 4 hadi 8.
- Kwapa: kila wiki 8 hadi 12.
- Miguu: kila wiki 12 au zaidi.

Anayesafiri mbali achukue kipimo cha juu, akae siku chache, na agawe uso sehemu mbalimbali ili sehemu moja isirudiwe kabla haijapona. Kurudi mapema mno kunampeleka mtu kulipia nywele chache. Kuchelewa mno kunaacha unywele mpya umalize zamu yake na kulala tena.

Maonyo

- *Kope usiziguse.* Kazi hii ilizaliwa jichoni: mwaka 1875 daktari wa macho Charles Michel wa St. Louis, Marekani, aliandika jinsi alivyotumia sindano ya umeme kuua kope zilizogeukia ndani. Tatizo hilo hutokana pia na trakoma, yaani vikope, ugonjwa unaojulikana Cabo Delgado. Kope inayokwaruza jicho inaweza kupofusha. Ni ya daktari wa macho, na tiba yake kuu leo ni upasuaji mdogo wa kope.
- Mwenye kifaa cha kusukuma moyo asitibiwe kwa umeme bila idhini ya daktari wake. Mjamzito aahirishe.
- Sindano iliyotumika kwa mwingine inaweza kubeba virusi vya homa ya ini na VVU. Hapo hakuna kuoneana haya: inuka uondoke.
- Dawa ya kufa ganzi usipake eneo kubwa wala usiifunike kwa nailoni bila maelekezo. Ikiingia mwilini kwa wingi ni sumu.
- Ndevu zikiota ghafla ndani ya miezi michache, sauti ikawa nzito na hedhi ikakatika, usianze na sindano. Wahi hospitali.

Makosa ya kawaida

- Kung'oa kati ya ziara kwa sababu ya aibu. Nyoa, wembe hauongezi unene wa unywele, bali huacha ncha butu inayohisiwa nene.
- Kwenda bila kuwa na cha kushika. Unywele usioonekana hautibiki.
- Kulinganisha maendeleo yako na ya mwenye sehemu nyingine ya mwili.
- Kuanza sehemu kubwa wakati pesa ni ya sehemu ndogo. Maliza kidevu kwanza.
- Kupima mafanikio kwa kioo cha wiki ya tatu.

Kabla ya kutoka nyumbani

- Sijang'oa kwa wiki 6 au zaidi.
- Nimenyoa siku 3 hadi 5 zilizopita.
- Ngozi haina kidonda wala mkorogo.
- Nimeuliza kuhusu sindano mpya.
- Nina daftari langu.

Daftari ndilo shahidi wako. Kioo huonyesha nywele za zamu ya leo, na hizo zinaweza kukuvunja moyo hata kazi ikiwa inakwenda vizuri. Dakika hazibadiliki namna hiyo. Katika mfano wetu sindano zilikuwa 65, kisha 37, kisha 21, kisha 12. Muda wa kitini hauna budi kupungua kwa mwendo huo huo, na malipo yako pia. Ziara ya tano ikichukua muda sawa na ya kwanza, kwa sehemu ile ile, fungua daftari mbele ya mtaalamu na uliza sababu. Huenda homoni bado hazijatulia, huenda umeme ni mdogo, huenda sindano haifiki chini. Jibu lolote kati ya hayo lina la kufanya. Ikiwa dakika zinapungua, basi rudi tarehe iliyoandikwa, hata kama asubuhi ile umeona unywele kidevuni: ulikuwa umelala, na zamu yake ndiyo imefika.